Mizani Haisomi Jina

Sori ni mji wa mizani. Ufukweni iko ya kupimia mbuta, yenye ndoana nene iliyokula kutu. Sokoni wanawake hupima omena kwa gorogoro, na gorogoro nalo ni mizani kwa namna yake, hasa muuzaji akiwa na mkono wa ukarimu. Ukipanda bara kuelekea Macalder, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1930, unaikuta ndogo kuliko zote: ya betri, inaingia mfuko wa shati, na mwenyewe huikinga upepo kwa kiganja anaposoma gramu.

Weka juu ya mizani hiyo ya tatu nishani ya fedha ya vita vya 1914. Itasema gramu thelathini na kidogo, basi. Mnunuzi atazidisha gramu kwa bei ya fedha ya siku hiyo, atapunguza kidogo kwa ajili ya mafuta ya pikipiki, na atataja kiasi. Upande mmoja wa nishani kuna kichwa cha Mfalme George V. Upande wa pili kuna mwanamume aliye uchi juu ya farasi, na farasi anakanyaga ngao yenye tai wa Prussia. Kando yake lipo fuvu na mifupa, na miaka miwili, 1914 na 1918. Nishani za aina hii zilitolewa kwa mamilioni, kuanzia Kanada hadi India. Kwa sura zake haina uadimu wowote.

Thamani yake iko ukingoni. Igeuze ubavu, isogeze kwenye mwanga wa mlangoni, na mfuo mwembamba wa herufi unajitokeza: namba, cheo, jina, na kifupi cha kikosi. Waingereza walikuwa na desturi ya kupiga jina la kila askari kwenye ukingo wa nishani zao za vita hivyo, na askari wa King's African Rifles, wale ambao Afrika Mashariki nzima iliwaita Keya, hawakuachwa. Kwa hiyo kipande hiki kimoja kati ya mamilioni ni cha mtu mmoja tu, na huenda mjukuu wake anaishi kilomita tatu kutoka kwenye ile mizani.

Mabishano ya bei mlangoni hufuata mkondo ule ule kila mara. Kijana mnunuzi hugeuza nishani, hukunja uso, huirudisha mkekani.

“Dani, hii ni bati tu.”

“Bati haiwi nzito hivyo, nyathina.”

“Basi nikupe ya soda.”

“Baba mkwe alitembea hadi Ruvuma na kurudi. Soda nitajinunulia mwenyewe.”

Bibi ana haki ya kukaza. Lakini naye, kama ilivyo kwa wengi, hajawahi kusoma ukingo. Macho yake hayafikii herufi ndogo kiasi hicho, na wajukuu waliosoma wako Nairobi. Akifa, nishani itahesabiwa miongoni mwa vijiko.

*

Kwa nini nishani za Keya ziwe Karungu, ghuba ambayo Sori imekaa ufukweni mwake? Swali hili hushangaza watu wa Nairobi, ambao kwao Vita Vikuu vya Kwanza nchini Kenya ni Taita Taveta: kilima cha Salaita, Latema na Reata, makaburi ya Voi, na mahandaki ambayo watalii huonyeshwa. Ziwa Victoria husahaulika. Ila Karungu ilikuwa makao ya serikali ya Kavirondo Kusini kabla ya Kisii, hadi afisa G. A. S. Northcote alipohamia huko nyanda za juu mwaka 1907. Mpaka wa Wajerumani ulikuwa karibu, na vita vilipoanza Agosti 1914, ghuba ilikuwa mlango ulioachwa wazi.

Wajerumani waliingia Septemba. Kikosi chao kutoka upande wa Mwanza kiliishika Karungu, kikapanda milima, kikaingia Kisii tarehe 11. Kesho yake, tarehe 12, Keya waliotokea Kendu waliwakuta huko, wakapigana mchana kutwa. Kapteni Thorneycroft wa upande wa Waingereza aliuawa. Jioni kila upande uliamini kwamba umeshindwa, nao wote wakaondoka, jambo ambalo si la kawaida katika vita. Mji ukabaki bila mwenyewe. Wenyeji, wakiona serikali imekwisha, waliingia madukani na katika ofisi za boma wakabeba walichoweza, na serikali iliporudi ikawaadhibu vikali kwa kuchoma na kutwaa mifugo.

Majini mambo yalikwenda kama mchezo wa kuigiza. Meli ya Winifred, iliyozoea kubeba abiria na shehena za reli, ilitumwa kuirudisha serikali Karungu. Ikakutana na Muansa, meli ndogo ya Wajerumani yenye mzinga, ikageuza. Iliporejea ikiwa na mwenzake Kavirondo, adui alikuwa amekwisha kuondoka.

Kwa mkusanyaji, majuma hayo machache ndiyo yanayoipa ghuba hii utamu wake. Vita vilipita haraka, havikuacha mahandaki wala makaburi makubwa, na vitu vilivyodondoka vilidondoka mahali panapojulikana, katika majira yanayojulikana. Ganda la risasi la Mjerumani likiokotwa Taveta ni moja kati ya maelfu. Likiokotwa kwenye shamba la mihogo juu ya Sori, karibu hakika ni ushahidi wa Septemba moja.

*

Ganda la risasi lina maandishi kama nishani, ila yako kwenye kitako. Aliyezoea huanza na umbo. Ganda la bunduki ya Lee-Enfield, la inchi 0.303, lina mdomo unaojitokeza chini kama ukingo wa sahani. La Mauser mpya, la milimita 7.92, halina mdomo huo; lina mfuo uliochongwa kuzunguka. La Mauser ya mwaka 1871, bunduki ambayo askari wengi wa Kijerumani walianza nayo vita, ni nene kupita yote, milimita 11, na baruti yake nyeusi ilitoa moshi mkubwa uliomtangazia adui mahali pa kulenga.

Kisha herufi. K peke yake ni kiwanda cha Kynoch, Birmingham. K na F, katikati mshale mdogo, ni Kirkee karibu na Poona, India. Alama hiyo ya mwisho mara nyingi humkwaza mgeni, anayetarajia kila kitu cha Mwingereza kitoke Uingereza. Lakini vita hivi vililishwa na India kwa sehemu kubwa: askari, nyumbu, mchele, rupia za mishahara, na risasi. Tai wa Prussia aliyekanyagwa na farasi wa nishani ile hakumwona Mwingereza peke yake.

Risasi za Kijerumani zina kisa chao. Aprili 1915 meli ya Rubens ilipenya kizuizi cha Waingereza ikafika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikashambuliwa ikazama kwenye kina kifupi. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Kazi ya mkono kwa mamia ya maelfu. Mtu akishika ganda la namna hiyo leo, ameshika kitu kilichotengenezwa mara mbili, Ujerumani na Afrika.

Hata pesa iligeuka kazi ya mikono. Mwaka 1916, koloni la Wajerumani lilipokatiwa njia, karakana ya Tabora ilipiga sarafu zake: heller 20 na 5 za shaba, na rupia 15 za dhahabu ya machimbo ya Sekenke, zenye ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zile za dhahabu zilikuwa kama 16,000 hivi. Hakuna kitu cha vita vya Afrika Mashariki kinachoghushiwa kama ndovu huyo, na mtu anayemletea mwenzake rupia 15 ya Tabora akidai kaiokota shambani anastahili kuulizwa maswali mengi na kwa sauti ya upole.

Nishani nazo hughushiwa, kwa njia ya werevu zaidi. Tapeli hapigi nishani mpya. Huchukua ya kweli yenye jina la mtu asiye na hadithi, hukwangua ukingo, huchora jina la mwenye hadithi. Dawa ya hila hiyo ni kipimo cha fundi: nishani ile ina kipenyo cha milimita 36, na iliyokwanguliwa hupungua. Dawa ya pili ni kioo cha kukuzia. Herufi za serikali zilipigwa kwa mhuri, kwa hiyo fedha imesukumwa ikainuka kidogo pembeni mwa kila mstari. Herufi za tapeli zimekatwa kwa patasi, na mkato huacha bonde lenye kuta kali.

Nyota za Vita Vikuu vya Pili ni balaa nyingine. Nyota ya Burma, yenye pembe sita na utepe mwekundu, buluu na chungwa, ilitolewa bila jina kwa askari wa Uingereza na wa Keya vilevile, tofauti na Wahindi na Waafrika Kusini ambao zao ziliandikwa. Maelfu ya vijana wa Nyanza walikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakalipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na malaria. Nyota waliyopewa haisemi neno. Ikitoka katika nyumba ya mwenyewe ikaingia sokoni, haiwezekani tena kuitofautisha na nyota ya karani Mwingereza aliyekaa Calcutta. Hapo uhalisi wote umo katika kinywa cha anayeuza, na kila mnunuzi anajua kinywa cha anayeuza kina thamani gani.

*

Kuna kisa cha ng'ambo ya ziwa ambacho kila mfanyabiashara wa vitu vya kale angepaswa kukijua. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wake wa Kiafrika waliokuwa bado hai. Mlipaji alifungua ofisi ya muda Mwanza. Inasimuliwa kwamba walijitokeza wazee kama 350, na wachache tu kati yao walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Wengi walikuja mikono mitupu.

Mlipaji akatafuta ufagio. Kila mzee alipoingia alipewa ufagio aushike kama bunduki, kisha akaamriwa kwa Kijerumani: simama sawa, weka begani, toa heshima. Wanasema hakuna hata mmoja aliyekosea.

Mtu anaweza kukisoma kisa hiki kama kichekesho, na wengi hukisoma hivyo. Kwa wakusanyaji ni somo la kitaalamu. Cheti kinaweza kughushiwa na sare inaweza kurithiwa, lakini mwili uliofunzwa miaka hamsini nyuma hauigizi. Yule mlipaji alitafuta ushahidi ambao haukuweza kununuliwa Mwanza asubuhi hiyo. Nishani yenye jina ukingoni, ikiwa bado mikononi mwa ukoo wa jina hilo, ni ushahidi wa aina hiyo. Nishani ile ile mezani pa mchuuzi wa mjini ni cheti tu.

Na vyeti vimewahi kuwadanganya wakubwa. Richard Meinertzhagen, afisa wa Keya aliyempiga risasi Koitalel arap Samoei wa Wanandi Oktoba 1905, kisha akawa mkuu wa ujasusi wa Waingereza katika vita vya hapa, alisifika baadaye kama mkusanyaji mkubwa wa ndege. Maelfu ya vielelezo vyake vilikwenda makumbusho ya London, kila kimoja na lebo yake: spishi, mahali, tarehe. Katika miaka ya 1990 wachunguzi, akiwemo Pamela Rasmussen wa Marekani, waligundua kwamba vingi vilikuwa vya wizi. Alikuwa ameiba vielelezo vya wakusanyaji wengine, akavishona upya na kuvipachika lebo za uongo. Bundi mmoja mdogo wa India alidhaniwa ametoweka kwa miaka zaidi ya mia moja, na lebo ya Meinertzhagen iliwaelekeza watafutaji Gujarat. Rasmussen na wenzake waliipuuza, wakafuata lebo za watu waaminifu, na Novemba 1997 wakamkuta bundi yuko hai, kaskazini mwa Maharashtra.

Ajabu ni kwamba fimbo zilizochukuliwa kwa Koitalel zilibaki kwa familia ya afisa huyo huyo Uingereza, na mwaka 2006 zikarudishwa kwa Wanandi. Hizo hazikuhitaji lebo. Kila mtu, kwa walioua na kwa waliouliwa, alijua zilikotoka.

Karungu yenyewe ilipata mfano mwema mapema. Mwaka 1911, miaka mitatu kabla ya Muansa kutia nanga, Felix Oswald alikuja kuchimbua mifupa ya kale kwa ajili ya British Museum. Ni hapa palipopatikana Deinotherium hobleyi, jamaa wa ndovu ambaye pembe zake zilitokea taya la chini zikapinda kuelekea ardhini. Oswald hakutosheka na kujaza makasha. Aliyapa namba matabaka ya udongo, akaandika mfupa upi ulitoka tabaka lipi, na kwa sababu hiyo wanasayansi wanarudi kwenye kazi yake mpaka sasa. Makasha yenyewe, ole wetu, yako London.

*

Sheria? Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inasema kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Anayetaka kukifanyia biashara awe na leseni, na anayetaka kukipeleka nje awe na kibali. Fanya hesabu: vita vya Karungu vimechelewa kwa miaka 19. Waziri anaweza kutangaza kitu fulani kuwa kinalindwa, lakini bila tangazo, nishani ya Keya iko huru kama sufuria. Mwaka ule wa 1895 ulifaa kwa vigae vya pwani na misikiti ya Lamu. Kwa ziwa ulikuwa mkasi.

Bunduki ni habari nyingine kabisa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti, na Mauser iliyofukuliwa shambani haiwi pambo kwa sababu tu ya kutu. Kombora ambalo halijalipuka halijui kwamba vita vimekwisha. Vyote viwili ni vya kuachwa vilipo na kuripotiwa kituo cha polisi, hata kama mkusanyaji wa Nairobi ameahidi nauli ya kwenda na kurudi.

Adui mkubwa wa vitu hivi, hata hivyo, hana haja ya makumbusho wala ya mnada. Ni mnunuzi wa vyuma kuukuu. Yeye hufika kila mahali, hulipa papo hapo, na shaba kwake ni shaba: bomba la maji, kitasa, ganda la 1914. Januari 2022, nguzo za umeme zilipokuwa zinafanyiwa uharibifu, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara nzima ya chuma chakavu, na kwa miezi michache mizani hizo zilinyamaza. Kisha zikaanza tena. Fedha ina njia yake pia. Bei ya fedha ilipopaa mwaka 1980, nishani nyingi za aina ya ile yenye mpanda farasi ziliyeyushwa duniani kote kwa sababu madini yalizidi thamani ya jina. Waliozinusuru zao, mara nyingi, ni waliozisahau.

Vitu vikubwa huponea ukubwa wake. Nje ya ngome ya Fort Jesus, Mombasa, kuna mizinga miwili. Mmoja ni wa meli ya Königsberg ya Wajerumani, wa pili wa Pegasus ya Waingereza, ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Yote miwili iliopolewa majini, ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu, kila mmoja upande wake. Sasa iko pamoja, na watoto hupanda juu yake kupiga picha. Hakuna anayeuliza kama ni ya kweli, maana njia yake yote imeandikwa tangu ilipoopolewa.

Wapagazi wa vita hivyo hawakuachiwa hata kumbukumbu ya namna hiyo. Waliorekodiwa kufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi huamini idadi ya kweli ni zaidi ya maradufu. Mjaluo wa Kavirondo Kusini alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba mzigo kuliko kubeba bunduki. Alichokuja nacho nyumbani, akirudi, kilikuwa kibati cha namba, blanketi, pengine sufuria. Minada ya London haivitafuti vitu hivyo, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, pamoja na Kariokor ya Nairobi, lililotokana na kikosi chao, ndilo kumbukumbu kubwa ya kazi yao. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kibati kimoja cha mpagazi kilichotunzwa pamoja na jina lake na kijiji chake kinazidi rafu nzima ya nyota za Burma. Hata hivyo hakuna atakayekipata kwa kusubiri kiletwe mezani.

Kinachohitajika ni kidogo mno, na Sori inauza kwenye kila duka: daftari la shule la kurasa 48. Mtu wa Macalder anayezunguka na kitambua-metali akitafuta dhahabu hutoa ardhini, kabla ya punje moja, misumari, vifuniko vya soda na, mara moja moja, kitu cha njano chenye kijani. Kabla hajakitupa kwenye gunia la shaba anaweza kukisugua kitakoni kwa kidole gumba chenye mate, bila brashi wala asidi, na kuandika mistari mitatu:

Ganda moja, lina mdomo. K, mshale, F. Shamba la mihogo juu ya ghuba, hatua kumi kutoka mti wa ng'owo, upande wa machweo. Lilikuwa kina cha kiganja. Mei, baada ya mvua. Mwenye shamba anasema babu yake aliyaokota mengine mawili hapo hapo, akayafanya vishikio vya visu.